Nguo haijarudi

Wateja wangu wengi wa makamo wana lalamiko moja: nguo zao zinarudi, yaani zinasinyaa. Anakuja mtu na gauni nililomshonea mwaka juzi kwa sendofu ya mwanawe, kalikunja ndani ya khanga, anakaa kwenye stuli, analifungua na kuniambia, "Fundi, kitambaa chako hiki kimerudi." Kitambaa changu! Kakinunua mwenyewe, tena kwa kuomba punguzo mbele yangu. Na ni polista, ambayo hata uichemshe kama maharage hairudi. Lakini fundi mwenye mdomo hana wateja. Nachukua kiwembe, nafumua ubavuni, natoa akiba ya mshono niliyoificha humo tangu siku ya kwanza. Kwa kawaida naacha vidole viwili kila upande. Kwa mteja anayeikaribia hamsini naacha vitatu, na simwambii.

Mwaka huu natimiza miaka 28 nikishona hapa Ngamiani, Tanga. Nina kaunta buku saba. Kila mteja ana ukurasa wake: jina, tarehe, kifua, kiuno, hipsi, mabega, urefu. Mteja wa siku nyingi ukurasa wake umejaa, nimeubandikia karatasi nyingine chini. Ukiusoma kutoka juu unaona maisha ya mtu bila yeye kukusimulia. Hapa alikuwa na mimba. Hapa ananyonyesha. Hapa kiuno kimepungua sentimita nane kwa miezi mitatu; ndoa ilivunjika hapo, nakumbuka. Halafu kati ya miaka 48 na 55, kurasa zote zinaanza kufanana. Hipsi hazisogei, au zinapungua kidogo. Kiuno ndicho kinachopanda. Umbo namba nane linageuka sifuri.

Nilikuwa nadhani ni uzee na maandazi tu. Sikuwa na sababu ya kufikiri zaidi, mpaka yakanikuta kwa dada yangu.

Dada ananizidi miaka sita. Ndiye aliyenifundisha kutia uzi kwenye sindano, na ndiye mteja wangu wa kwanza, ukurasa wa kwanza wa kaunta buku la kwanza. Anakaa Makorora. Siku zake zilikata akiwa na miaka 50, na tangu hapo akaanza kunawiri. Nasema kunawiri kwa sababu ndilo neno tulilotumia. Shemeji akasifiwa kwamba anajua kutunza. Mwaka 2008 kiuno chake kilikuwa sentimita 84. Mwaka 2020 niliandika 109, na nakumbuka tulicheka, nikamwambia sasa nguo moja inakula kitambaa cha watu wawili. Hakuna aliyeona tatizo. Kwetu mtu akikonda ndiyo ataulizwa ana nini, akinenepa anapongezwa.

Mwezi wa nne mwaka 2021, katikati ya Ramadhani, alikuja nimshonee ya Idi. Nikapitisha futi kifuani. Ilipofika chini ya kwapa la kushoto akashtuka, "Taratibu hapo." Nikaweka kidole. Kilikuwa kitu kigumu, ukubwa wa kunazi, na kilikuwa hakisogei. Nikamuuliza kimeanza lini. Akasema tangu Mfungo Sita. Hesabu mwenyewe: karibu miezi sita! Alikwenda zahanati moja, wakamwambia ni jipu la ndani, wakampa vidonge vya kumeza siku saba. Halikuondoka, akawa anapaka mafuta ya habasoda kila usiku. Mimi hakuniambia. Mimi ninayemshika kifua kila Idi.

Nilimaliza kupima. Sijui kwa nini nilimaliza. Niliandika namba zote kwenye ukurasa wake, nikafunga duka, tukaenda hospitali. Baada ya hapo mambo yakaenda kama yanavyokwenda: ultrasaundi, kukatwa kipande cha nyama kikapimwe, wiki za kungoja majibu, kisha basi la Dar, kilomita kama 350 na mfuko wa machungwa mapajani. Ziwa la kushoto likaondolewa. Halafu mionzi kwenye hospitali ya saratani ya Ocean Road, kwenye lile jengo la zamani la Wajerumani linaloangalia bahari.

Nyumbani watu walikataa. "Kansa gani, mbona kanona hivi?" Picha ya mgonjwa wa saratani waliyonayo ni ya mtu aliyebaki mifupa. Na mama yetu mkubwa akauliza swali ambalo hata mimi nilikuwa nalo: amezaa watano, kanyonyesha wote mpaka miaka miwili, imekuwaje? Kuzaa na kunyonyesha kunapunguza hatari kweli, tuliambiwa hivyo. Kupunguza, lakini hakufungi mlango.

Siku moja tumekaa kwenye benchi tukingoja zamu yake ya mionzi, upepo wa bahari unampeperusha mtandio, akamgeukia binti yake. Mwanaidi ni muuguzi, alikuwa ameomba ruhusa kazini aje kukaa naye. Dada akamuuliza, "Mwanangu, ni mafuta yangu ndiyo yameniletea hii?"

Mwanaidi alikaa kimya kwanza. Kisha akasema, "Mama, kwa mtu mmoja hakuna anayeweza kunyooshea kidole sababu moja. Wembamba nao wapo humu ndani, waangalie." Na walikuwapo kweli, tena wengine vijana. Hakumwambia siyo, wala hakumwambia ndiyo. Jioni, dada alipolala, mimi nilimbana. Mimi siyo mgonjwa, niambie yote.

"Mama mdogo," akaniambia, "wewe ni mtu wa Tanga. Viwanda vilipofungwa, mafundi walikwenda wapi?"

Walikwenda uani. Tanga hii ilikuwa mji wa viwanda, mkubwa yeyote atakusimulia, na milango ilipofungwa, wenye ujuzi walihamishia kazi majumbani. Basi na mwili hufanya hivyohivyo. Kabla hedhi haijakoma, kiwanda kikubwa cha homoni ya estrojeni ni ovari. Hedhi ikikoma, kiwanda kinafungwa. Lakini tezi zilizokaa juu ya figo zinaendelea kutoa homoni za aina nyingine, na mafuta ya mwilini yana kimeng'enya kinachoitwa aromatasi, ambacho kazi yake ni kuzichukua hizo na kuzigeuza estrojeni. Mafuta yakiwa mengi, mafundi wa uani ni wengi, na kazi haisimami usiku wala mchana. Na ziwa lenyewe lina mafuta. Kwa hiyo baadhi ya mafundi hao wanafanyia kazi mlango wa jirani kabisa. Aina nyingi za saratani ya matiti hulishwa na estrojeni hiyo. Ya dada ilikuwa ya aina hiyo. Akaongeza mambo ya insulini, kwamba mafuta ya tumboni huipandisha na hiyo nayo huchochea, lakini mimi nilishakwama kwenye mafundi wa uani.

Nikamuuliza, je, na wasichana wanene? Hapo ndipo aliponishangaza. Kwa wanawake ambao bado wanaona siku zao, wanene huonekana kupata saratani ya matiti kidogo kuliko wembamba. Kinyume kabisa! Nikamwambia basi tuwaambie watoto wanenepe mapema. Akacheka, "Na ukifika hamsini utayaacha wapi?"

Niliporudi Tanga nilifanya kitu ambacho sikuwa nimekifanya miaka tisa. Mganga hajigangi, na fundi hajipimi. Nguo zangu nilikuwa nazikatia macho tu, madera mapana, kamba kiunoni. Nilisimama mbele ya kioo cha wateja nikajizungushia futi. Ukurasa wangu unasema hivi. 2012: kifua 93, kiuno 77, hipsi 102. 2021: kifua 98, kiuno 90, hipsi 101.

Uzito wangu? Mizani ya duka la dawa pale jirani ilisema kilo 67. Mwaka 2012 nilikuwa 64. Kilo tatu kwa miaka tisa, nani angeshtuka? Kwa kipimo cha uzito na urefu, hicho wanachokiita BMI, niko sawasawa kabisa, mtu wa kawaida. Wakati huo mwenyewe nilishafunga hedhi mwaka mmoja, najipepea na kitambulisho kwenye daladala, naamka usiku nimelowa jasho kama niliyetoka kisimani. Hipsi zilikuwa palepale, na sentimita 13 zimehamia tumboni. Mizani haikuziona.

Nilimtumia Mwanaidi picha ya ukurasa huo kwa WhatsApp. Akanijibu na habari mbili ambazo nimezihifadhi mpaka leo.

Ya kwanza ni utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2019. Walichukua wanawake 3,460 waliokwisha kukoma hedhi, wote wenye BMI ya kawaida, wakapima mafuta ya miili yao kwa mashine, kisha wakawafuatilia kama miaka 16. Wale wenye mafuta mengi zaidi walikuwa na hatari ya saratani ya matiti karibu mara mbili ya wale wenye mafuta machache. Wote kwenye mizani ni wembamba. Nilisoma hiyo nikaziangalia zile kilo zangu tatu.

Ya pili ilinifanya niweke mkasi chini. Waingereza, mwaka 2014, walichapisha utafiti wa sketi. Sketi! Waliwauliza wanawake karibu 93,000 waliovuka miaka 50: ulipokuwa na miaka 25 ulikuwa unavaa sketi namba ngapi, na sasa unavaa namba ngapi? Kisha wakangoja kuona nani ataugua. Aliyepanda namba moja ya sketi kila miaka kumi alikuwa na hatari ya juu kwa asilimia 33. Aliyepanda namba mbili kila miaka kumi, asilimia 77.

Asilimia hizo zinatisha, kwa hiyo nilimpigia Mwanaidi simu anishushie. Akasema ichukulie hivi: kwa wanaopanda namba moja, katika miaka mitano, badala ya mwanamke mmoja kati ya 61 kuugua, anaugua mmoja kati ya 51. Siyo radi iliyokulenga wewe. Ni wanawake wachache wa kuongezeka kwenye benchi la Ocean Road, au wachache wa kupungua.

Mimi kama fundi nina neno langu kwa hao Waingereza. Namba ya sketi ya dukani siyo kipimo; viwanda vimekuwa vikipanua namba 12 ili mteja ajisikie vizuri. Na mwanamke wa miaka 64 ukimuuliza alikuwa namba ngapi akiwa na 25, atakukata mbili papo hapo, haki ya Mungu. Wamefanya kazi nzuri kwa kutegemea kumbukumbu. Mimi nimeandika kwa kalamu, sentimita kwa sentimita, na tarehe. Laiti wangekuja Ngamiani.

Hapa niseme jambo la ufundi, maana kuna waliojipima baada ya kusikia hadithi hii wakafurahi bure. Kiuno cha fundi siyo kiuno cha daktari. Fundi anapima pale mwili ulipobana zaidi, kwa sababu anataka gauni likae. Daktari anapima katikati ya mbavu ya mwisho na mfupa wa nyonga, na anataka upumue nje kawaida, siyo kuvuta tumbo. Wateja wangu wote wanavuta tumbo. Nimezoea kuwaambia habari nyingine mpaka wasahau, ndiyo nasoma futi. Kwa wanawake, Shirika la Afya Duniani linaweka alama ya kwanza kwenye sentimita 80, na alama nzito zaidi kwenye 88. Alama hizo ziliwekwa hasa kwa ajili ya sukari na moyo, lakini ni tumbo lilelile.

Nilichobadilisha mimi ni kidogo. Baada ya alfajiri natoka na shoga zangu wawili, tunatembea mpaka Raskazone na kurudi, tunaongea njia nzima. Sukari kwenye chai nimeshusha kutoka vijiko vitatu hadi kimoja. Chapati za samli ni za Ijumaa tu. Bajia sijaacha na sitaki kuulizwa. Kiuno kimetoka 90 kikashuka 85, na hapo kimegoma. Majirani wamenihoji: ni sukari, ni mume, au ni ule ugonjwa? Kwa mtaa wetu kukonda hakuna sababu ya nne. Mwanaidi alinituliza kwamba hata wanawake waliopunguza kilo chache baada ya miaka 50, wakazizuia zisirudi, wameonekana kupunguza hatari. Nimeishika hiyo, maana ukiwa na dada kama wangu unashika chochote.

Lakini nilitaka kueleza habari ya ziwa la dada.

Alipopona kidonda hakutaka kutoka nje. Nguo zote zilikuwa zinaning'inia kushoto. Maziwa ya bandia ya silikoni yapo Dar, bei yake tuliisikia tukaaga. Nikamwambia nitamshonea. La kwanza nililijaza pamba. Lilikuwa zuri sana mezani. Akalivaa kwenda msibani, na kufika adhuhuri lilikuwa limepanda karibu na mtulinga, kwa sababu pamba haina uzito na ziwa la kweli lina uzito. La pili nikatia mtama. Uzito ukakaa, ila kwa joto la Tanga na jasho lake, wiki ya tatu wakaingia fukusi. Tulicheka mpaka tukalia, kisha tukalia kweli.

La tatu ndilo analovaa. Alikuja nalo wazo mwenyewe, amefunga kitu kwenye leso. Kufungua, ni shanga zake za kiunoni, kete kwa kete, nyekundu na nyeupe. (Nimeomba ruhusa kuandika hili, na amenipa.) Zilikuwa hazimzunguki tena tangu zile siku tulizokuwa tukisema ananawiri, aliziweka sandukuni chini ya nguo za harusi. Tukazikata uzi. Nikashona kifuko kidogo cha melikini, nikamimina shanga, nikakizungushia pamba, juu yake kitambaa laini. Tuliupima uzito kwa mikono: yeye kabeba ziwa lake la kulia kwa kiganja kimoja, kifuko kwenye kingine, macho kafumba. "Ongeza." Nikaongeza. "Punguza kete tano." Nikapunguza. Akanyamaza, akatikisa kichwa kukubali. Linafulika, linakauka, na fukusi hawali shanga.

Sasa anameza kidonge kimoja kila siku, anastrozoli, ambacho kazi yake ni kuwafungia kazi wale mafundi wa uani. Asubuhi vidole vinamkaza, anashindwa kufungua chupa ya mafuta. Ni kidonge hicho, ameambiwa. Anatembea na sisi mpaka Raskazone siku akiweza.

Kwa wateja nimeanza kufanya jambo dogo. Akija wa "kitambaa kimerudi," simjibu, namgeuzia kaunta buku asome mwenyewe ukurasa wake. Mmoja alinuna akahamia kwa fundi mwingine. Mmoja alisoma, akaniuliza kwa sauti ya chini kama mkono wangu unaweza kujua uvimbe. Nikamwambia mkono wangu siyo kipimo, uliujua wa dada kwa bahati tu, tena umechelewa, nenda hospitali. Alikwenda.

Mwezi uliopita dada alikuja na gauni la Idi iliyopita. Akalifungua, akaniambia kwa maringo, "Fundi, kitambaa chako hiki kimepanuka."

Nikampima. Kiuno 101. Idi kilikuwa 106. Ningepaswa kufurahi, na yeye alikuwa anasubiri nifurahi. Nikapima tena. Mikono ilikuwa imeniishia nguvu, kwa sababu futi haijui kutofautisha sentimita tano za Raskazone na sentimita tano za kitu kingine. Nikamuuliza anakula? Anakula. Analala? Analala. Kifua, kikohozi, mgongo? Akanishika mkono, "Mdogo wangu, nimepunguza ubwabwa tu."

Nilimpeleka kliniki hata hivyo, kabla ya tarehe yake. Vipimo vikatoka salama. Siku ya pili nikakaa kwenye cherehani nikalibana gauni lake, pande zote mbili. Kilichozidi sikukikata. Nilikikunja ndani na kukishikiza.